Mwenye na Aliyeleta

Kwenye msiba wa Fundi Mhina, mwaka huu, wasemaji walikuwa wengi na karibu wote walisema jambo moja: kwamba marehemu alikuwa fundi wa kwanza pale Korogwe kuweka kumbukumbu za wateja kwenye kompyuta. Nilikuwa nimekaa mkekani na kina mama, ungo wa mchele mapajani, nachambua chuya, na kila waliposema vile ulimi ulikuwa unaniwasha. Sikusema kitu. Msiba ni msiba. Lakini hapa si msibani, kwa hiyo nasema. Fundi Mhina alinunua kompyuta. Aliyeweka kumbukumbu ni mimi, na mwaka mzima nilioifanya kazi ile nilibishana naye karibu kila siku ya Mungu, na siku moja akanifukuza kwa ajili ya mistari miwili. Nilimpenda mzee yule kuliko wengi waliomlilia kwa sauti siku ile, na hilo nalo nalisema bila haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka Mkata na begi moja na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Karakana yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi. Cha mbele kilikuwa na benchi refu la mbao lililokunywa mafuta mpaka likawa jeusi, na juu yake cherehani, feni, pasi, redio na kila kitu kinachoweza kufunguliwa kwa bisibisi. Cha nyuma kilikuwa stoo, chenye dirisha moja dogo na viroba vilivyojaa madaftari ya miaka ya nyuma. Kati ya vyumba hivyo lilining'inia pazia la kitenge, na nyuma ya pazia, juu ya meza yake peke yake, ilikaa kompyuta. Niliikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama watu walivyokuwa wakifunika televisheni, na juu ya kitambaa pana chombo cha maua ya plastiki. Fundi aliinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inauza vitu vyake vya zamani, akakaa nayo miezi minne akiiwasha wanapokuja wageni. Siku ya kwanza nikatoa maua, nikatoa kitambaa, nikakikunja nikakitia kwenye droo. Akaniuliza, "Sasa vumbi je?" Nikamwambia vumbi halitapata nafasi ya kutua. Akaguna. Alikuwa na miguno ya aina nyingi, na ule nilikuja kujua baadaye kwamba ulikuwa wa kukubali.

Saa nne ilikuwa chai. Ya rangi, yenye tangawizi nyingi, na mihogo ya kukaanga iliyofungwa kwenye gazeti, na pilipili ndani ya kifuniko cha chupa. Mchana tuliletewa bada, ugali wa muhogo, na mlenda, au ugali na dagaa, na Fundi alikula haraka huku bisibisi imesimama mfukoni mwa shati. Ni wakati wa chai ndipo niliposikia mambo. Wateja walikaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha langu wakaongea kana kwamba ukuta hauna masikio: nani kaoa, nani kauza shamba la Magoma, nani kapata mtoto wa saba. Na walinisema mimi pia. "Yule binti anauliza maswali kama polisi," alisema mmoja. Mwingine akajibu, "Afadhali polisi, wao hawarudii." Mimi ndani nikaendelea kuandika, nikatabasamu peke yangu.

Maana kazi yangu ilikuwa kuuliza. Jina la mteja, anatoka wapi, kifaa gani, namba ya kifaa, kinaumwa nini, kimefanyiwa nini, kimechukuliwa lini. "Kinaumwa" ni neno la Fundi. Kwake vyombo havikuharibika, viliumwa. Nilidhani katika hayo yote jina ndilo litakuwa jepesi, kumbe ndilo lililonipa jasho. Mwezi wa pili nilitafuta cherehani ya Mama Asha, kompyuta ikaniletea kina Mama Asha wanane. Wawili wote walitoka Mombo. Mmoja wao alikuwa Mama Asha mwaka ule tu, kabla ya hapo alikuwa Mama Juma, ila Juma alifariki na watu wakaona huruma kuendelea kumwita hivyo. Nikajiwekea sheria: kila mtu ataje jina lake mwenyewe, na la baba yake.

Sheria yangu ikaleta vituko. "Jina lako nani, mama?" "Mama Asha." "Hilo ni la Asha. Lako wewe?" Wengine walicheka, wengine wakakasirika. Mama mmoja wa Mombo alinitazama juu mpaka chini akaniuliza, "Kwani unataka kuniposa?" Bibi mmoja alitia kidole mdomoni, analitafuta jina lake, na alipolipata alilisema polepole, halafu akalirudia ili mwenyewe alisikie vizuri. Wakanipachika jina na mimi, Mama Kompyuta, nisiye na mtoto wala mume. Nikaitika. Hata leo nikipita Korogwe yuko mtu ataniita hivyo kutoka ng'ambo ya barabara.

Si kwamba nilijua kila kitu. Alikuja mzee mmoja mfugaji kutoka mbugani huko Handeni, rubega yake imekunjwa vizuri begani, na redio kubwa kwapani. "Redio ya nani?" "Ya baba." "Baba anaitwa nani?" "Hatajwi." Nikaandika harakaharaka, kwa ujinga wangu: Mzee Hatajwi. Siku ya kuichukua, Fundi akaja kuchungulia kwenye skrini, akarudi mbele na kuita kwa sauti, "Redio ya Mzee Hatajwi!" Yule mfugaji akatukodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Akatueleza kwamba baba yake alishafariki, na kwao jina la marehemu halitamkwi. "Lakini umeandika sawasawa kabisa," akaniambia. "Liache hivyohivyo." Nikaliacha.

Halafu ikaja habari ya pasi. Mama mmoja mwenye nyumba alimtuma mpangaji wake alete pasi yake itengenezwe. Nikaandika jina la mpangaji. Mpangaji akaja kuichukua, akaichukua, akahama nayo moja kwa moja. Mwenye pasi alipofika na maneno yake, Fundi alinitetea: "Aliyeleta ndiye mwenye. Ndivyo tulivyozoea miaka yote." Mimi sikutaka kutetewa namna ile. Siku hiyohiyo nikaigawa safu ya jina ikawa mbili, ya kwanza Mwenye, ya pili Aliyeleta. Fundi alicheka sana. Aliona nimeongeza kazi ambayo haina kichwa wala miguu. Nikamwambia atakuja kunishukuru.

Na hapo, katikati ya ujuaji wangu, ndipo nilipofanya kosa, na nimeamua kulieleza kama lilivyo. Safu mpya ya Mwenye ilikuwa tupu kwa mistari yote ya nyuma. Ingenibidi niwatafute wateja mmojammoja niwaulize. Nikaona uvivu. Nikanakili majina ya safu ya Aliyeleta yote kwa pamoja, nikayabandika kwenye safu ya Mwenye, kutoka mstari wa juu mpaka wa chini. Nusu dakika haikufika. Kila aliyebeba kitu kwa baiskeli, kila aliyetumwa, kila mume aliyeshuka mjini na mzigo wa mkewe, nikamfanya mwenye mali kwa kubonyeza kidole. Nikajipongeza kwa kunywa chai.

Mmoja wa watu hao aliitwa Bakari. Alikaa Magoma, ila kwao ni Handeni. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa ameleta cherehani nyeusi ya mkono, namba yake imechongwa chini ya kitako, nasi tukairekebisha akaichukua. Miezi sita baadaye cherehani ileile ikarudi, safari hii imebebwa na mkewe, mwanamke mrefu, mpole wa kuongea, amevaa gauni alilolishona mwenyewe na likamkaa vizuri.

"Jina la mwenye cherehani?" nikamuuliza.

"Mama Salehe."

"Salehe ndiye anayeshona?"

Akacheka. "Salehe ana miaka minane, hata kifungo hajui kukifunga sawasawa."

"Basi nipe la anayeshona."

Akatazama mlangoni kama mtu anayetaka kuhakikisha hakuna anayesikiliza. "Zaina," akasema. "Zaina Omari." Kisha akatikisa kichwa. "Mh! Limekuwa kama la mtu mwingine."

Nikaandika. Mwenye: Zaina Omari. Aliyeleta: Zaina Omari. Kinaumwa nini: inaruka mshono. Akanieleza kwamba anashona sare za shule za watoto wa Magoma, na shule zikifungua Januari hapati hata nafasi ya kujikuna. Fundi akaipima, akakuta kuna chuma kimoja cha ndani kimeliwa, kingine inabidi kiagizwe Tanga. Ikabaki benchini ikisubiri. Wiki tatu baadaye tukasikia Bakari amefariki kwa homa ya siku chache tu.

Mume akifa, mke anakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nyumbani. Watu wazuri wakati huo humtunza. Watu wengine wakati huo huzunguka kukusanya vitu. Shabani, mdogo wake Bakari, alifika karakana kabla mwezi haujaisha. Nilimjua kwa sura kwa sababu kila msimu wa mahindi alikuwa anakuja Magoma kufanya biashara, anafikia kwa kaka yake, na mjini hapa hakosekani. Alisalimia vizuri. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Pole zikatolewa. Kisha akasema amekuja kuchukua cherehani ya marehemu, familia imekaa na imeamua vitu vyote vya marehemu virudi Handeni.

Fundi akaniita nitazame. Nikaandika namba ya cherehani, na wakati mistari inajitokeza Shabani alikuwa ameshafungua pazia, amesimama nyuma ya kiti changu. Mstari wa juu ulikuwa ule wa mwanzo wa mwaka. Akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kwenye skrini yangu. "Mwenye, Bakari. Aliyeleta, Bakari. Si hii hapa? Kompyuta yenyewe imesema." Mstari wa chini hakuufikia, mkono wangu ulikuwa umeuziba. Nikamwambia cherehani haijapona, kuna kifaa kinasubiriwa, na hapa kitu hakitoki kikiwa kinaumwa. Hilo lilikuwa kweli, na Fundi alilijua kuwa kweli. Shabani akasema sawa, atarudi Jumamosi na baba yao mdogo, mzee wa familia, iwe imepona au haijapona.

Akatoka mbele na Fundi, nami nikabaki nyuma ya pazia. Pazia la kitenge halizuii maneno. "Mzee wangu, tusisumbuane," nilimsikia Shabani. "Na yule binti yako, anaandika majina ya wake za watu humo ndani. Watu wanaongea. Mimi ningekuwa wewe ningemwangalia." Nilisikia bisibisi ikiwekwa benchini, basi.

Fundi alipoingia hakukaa. "Cherehani ile ina mistari mingapi?"

"Miwili."

"Futa mmoja."

"Upi?"

"Usinichezee, mwanangu. Unaujua upi. Mambo ya mirathi ni ya wenye ukoo. Sisi tunatengeneza, tunatoa."

"Sifuti."

"Karakana ni yangu. Kompyuta ni yangu."

"Na jina ni la Zaina. Sifuti, Fundi."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. "Basi kesho usije," akasema.

Nisijifanye malaika. Kabla sijaondoka mchana ule nilikaa mbele ya skrini na nikauchagua mstari wa Bakari, ule wa uongo, ule niliouandika mimi kwa uvivu. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikiufuta, unabaki wa Zaina peke yake, na nani atajua? Kilichonizuia si uchaji. Ni hasira. Nilifikiri: kama mimi leo naweza kumfuta Bakari kwa sababu nimependa, kesho Fundi atamfuta Zaina kwa sababu ameogopa, na kompyuta hii itakuwa haina tofauti na benchi la nje chini ya dirisha, kila mtu anasema lake. Nikaacha mistari yote miwili, nikazima, nikaenda nyumbani kwa miguu mpaka Manundu nikiongea peke yangu njia nzima.

Kesho yake nikaenda kazini. Fundi alifika akanikuta nafagia.

"Nilisema nini jana?"

"Ulisema nisije."

"Na hapa ni wapi?"

"Ni kazini."

Nikaendelea kufagia. Akanipita, akaenda kwenye benchi lake, akaanza kufungua feni. Saa nne akasukuma gazeti la mihogo upande wangu. Nikajua sijasamehewa, ila sijaondoka.

Mchana nikampigia simu Zaina. Nilimkuta ameshapata habari. "Mdogo wangu," alisema, sauti yake ya chini, "mimi siwezi kutoka. Nipo ndani. Wakija kuchukua meza watachukua meza, wakichukua kitanda nitalala chini. Lakini ile cherehani nalishia watoto." Akanieleza kwamba alinunuliwa cherehani hiyo na mama yake kabla hajaolewa, alipomaliza kujifunza ushonaji, mama akauza mavuno ya msimu mzima. Siku ya harusi alikwenda nayo kwa mume. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa. "Kompyuta yako imeandikaje?"

"Imeandika mara mbili. Mara moja ya Bakari, mara moja ya kwako."

"Ya Bakari? Nani aliandika hivyo?"

"Mimi, dada. Nilikosea."

Nilisikia mtoto analia nyuma yake na mtu anambembeleza. Sijawahi kungojea neno la mtu kama nilivyongojea lile. "Basi wewe uliyelikosea," akasema mwishowe, "wewe ndiye utakayelirekebisha. Mimi sina mwingine wa kumtuma." Akakata simu.

Nikaingia stoo. Madaftari ya Fundi yalianzia enzi ambazo mimi nilikuwa shule ya msingi, na mimi nilikuwa nimeingiza kwenye kompyuta yale ya miaka miwili ya mwisho tu. Lakini Fundi alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo iliyotuokoa: kwa kuwa cherehani zote ni nyeusi na zote zinafanana, kila iliyopita mikononi mwake aliinakili namba yake daftarini. Siku mbili nilikaa sakafuni, chini ya lile dirisha dogo, kiroba kimoja baada ya kingine. Mchwa walikuwa wameshakula pembe za kurasa. Vidole vikawa vyeusi, macho yakawasha, na kila nilipofungua daftari nilimtukana Shabani kimoyomoyo, na mara moja moja nikajitukana mwenyewe. Ijumaa asubuhi nikaiona. Namba ileile, tarakimu kwa tarakimu, kwa ule mwandiko wa Fundi uliolala upande kama mahindi baada ya upepo. Nikabeba daftari mpaka benchini nikaliweka mbele yake, juu ya feni aliyokuwa anaitengeneza. Akasoma. Akarudia kusoma. "Mwandiko wangu huu," akasema. Hakuniomba radhi, hakuwa mtu wa hivyo. Alilichukua daftari akaliweka chini ya kwapa lake, na siku nzima hakulitoa hapo, hata wakati wa kula.

Jumamosi walikuja kabla ya adhuhuri. Shabani alitangulia, na nyuma yake baba mdogo wa marehemu, mzee mwembamba mwenye kofia ya mkono na koti lililopigwa pasi vizuri, mtu wa msikitini, ukimwona tu unajua. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa upole ulionisikitisha, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Fundi aliagiza chai. Cherehani ilikuwa pale benchini katikati yetu. Kifaa cha Tanga kilikuwa kimefika na kimeshafungwa, na Fundi alikuwa ameifuta mpaka inang'aa. Nikalifungua pazia lote, nikaigeuza skrini iwatazame.

"Baba, soma pale," alisema Shabani. "Mwenye, Bakari. Mimi sikuandika. Kompyuta haikosei."

"Kompyuta haikukosea," nikasema. "Nilikosea mimi."

Nikawaeleza yote. Pasi, safu mbili, uvivu, majina niliyoyabandika kwa nusu dakika. Shabani akacheka kwa dharau. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo wewe, mwanangu, ulimwandikia mtu mali isiyokuwa yake."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa nitajuaje kwamba leo hukosei tena?"

Lilikuwa swali la haki. Fundi Mhina ndiye aliyesimama. Alilitoa daftari kwapani, akalifungua mahali alipokuwa ametia kipande cha waya, na akasema, "Kwa sababu huu si mwandiko wake. Ni wangu." Akasoma polepole kama mtu anayesoma barua ya serikali: cherehani ya mkono, namba yake hii, mpini umevunjika, ya Zaina Omari, binti wa Magoma. Akasoma na tarehe. Kisha akamuuliza mzee marehemu alioa lini. Mzee akahesabu kwenye vidole. Mwaka wa tisa huu, alisema, tangu harusi. Daftari lilikuwa la miaka kumi na miwili nyuma.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Shabani alikuwa amekunja uso, anatafuta pa kutokea, na alipopaona alisogea mbele kwenye kiti.

"Sawa, cherehani ilikuwa ya huyo binti. Basi kaka aliinunua kwake," akasema. "Mtafuteni huyo Zaina Omari aje aseme hapa. Kwani huyo Zaina ni nani?"

Nilingoja mzee amjibu, maana niliona ni la ukoo, si langu. Mzee akamgeukia Shabani, Shabani akamtazama mzee, na nikaona, kwa hasira ambayo mpaka leo nikiikumbuka inanipanda, kwamba wote wawili walikuwa wanangoja kuambiwa.

"Ni shemeji yako," nikasema. "Ndiye anayekupikia kila msimu wa mahindi."

Shabani akarudi nyuma kwenye kiti. Nje stendi basi lilikuwa linapiga honi kuita abiria. Mzee alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili mapajani, akaitazama cherehani. "Mali ya mwanamke ni ya mwanamke," akasema. "Funga vizuri, Fundi. Naipeleka mimi mwenyewe leo." Kisha akainua macho, na hakumtazama Shabani, alinitazama mimi.

"Siku tatu tumekaa matanga nyumbani kwake," akasema. "Tumekula mikononi mwake. Na jina lake hatulijui."

"Sasa mnalijua," nikamwambia.